Pikipiki Iliyokula Mafuta Ijumaa Kuu

Mumewe alipofariki, shangazi Mirsini alivaa nyeusi, akachemsha ngano ya kumwombea marehemu, akamshukuru kila aliyekuja kutoa pole. Punda wake alipokufa, mwezi wa pili mwaka ule, alilia siku tatu. Simsengenyi. Alilisema mwenyewe mbele ya kasisi Lefteris: "Baba, marehemu alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kubeba hata kopo la maji kupanda kile kilima."

Si shangazi yangu wa damu. Ukuta wa jikoni kwake ndio ukuta wa chumba changu, basi. Mume wangu Taksiarhis yuko melini miezi minane kila mwaka, na nilipojifungua Zafiria, ni yule mama aliyekuja kunionyesha namna ya kumlaza mtoto ubavu ili nami nipate usingizi kidogo. Wakati ule alikuwa na miaka sitini na moja, mfupi, mwenye mikono mipana kama ya mwashi. Alikuwa na mbuzi kumi na wanane na zizi kilomita sita juu ya kijiji. Kila asubuhi alikamua, akashusha maziwa hadi njiapanda, ambako gari la kukusanya maziwa lilipita saa moja na nusu. Dereva wake, Sarandis, hangojei mtu. Mwaka juzi alimwacha askofu na mkebe wake mkononi.

Bila punda, maziwa yale yasingefika. Hapo ndipo mwanawe Ignatis alipopata nafasi aliyoingoja miaka.

Ignatis ni karani bandarini Mitilini, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuja Jumapili iliyofuata mazishi ya punda, maana yule punda alizikwa, akaketi jikoni na kasisi Lefteris, nami nilikuwa pale nikimnyonyesha mtoto karibu na jiko.

"Mama, uza mbuzi uje ukae nasi," alisema. "Ghorofa ya nne. Kuna lifti."

"Lifti ya kwenda wapi?"

"Ya kupanda nyumbani, mama."

"Mimi nyumbani naingia kwa mlango."

"Utateseka. Huna punda, na miguu yako unaijua."

"Nitanunua pikipiki," akasema shangazi, akiendelea kumenya vitunguu.

Ignatis alicheka mpaka kokwa ya zeituni ikampalia, kasisi akalazimika kumpiga mgongoni. Alipopata pumzi aliona kwamba mama yake hacheki. Hapo hasira ikampanda, na kwa hasira ile akafunga mkataba. Anunue pikipiki. Siku moja tu, tangu itakapoanza kazi hadi Pasaka, maziwa yakilikosa gari, mbuzi waende kwa mchinjaji, na yeye aende mjini. Yakifika kila siku, Ignatis hatalitaja tena neno lifti.

Walishikana mikono, kasisi akiwa shahidi. Wiki ile ile mchinjaji alipanda zizini akawapapasa mbuzi migongo. Shangazi alimpima yeye kwa macho hivyo hivyo. Kila mbuzi wake ana jina, na karibu nusu wana majina ya shemeji zake.

Pikipiki ililetwa na fundi Prokopis kutoka bandari ndogo ya chini, juu ya pikapu yake. Ilikuwa ya zile ndogo zisizo na mkono wa klachi, unakanyaga gia tu, ambazo kisiwani kwetu kila mtu huziita kibata. Mpya kabisa, rangi ya samawati, na nyuma ina kerea pana ya kufungia mikebe miwili. Prokopis alieleza kila kitu kwa dakika mbili, mguu mmoja tayari ndani ya pikapu.

"Kiki hapa, gia hapa, breki ya mbele mkononi, ya nyuma mguuni. Kilomita mia tano za kwanza usiikimbize, shangazi. Injini mpya ni kama bi harusi."

"Yaani inalia?"

"Yaani taratibu. Mengine yamo kwenye kijitabu."

Kijitabu kilikuwa na maandishi madogo kama mbegu za tini, na kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kigiriki na mtu mwenye haraka. Kilianza hivi: *Mheshimiwa mwendeshaji, furaha yako imo kwenye mnyororo mlaini.* Shangazi aliishia darasa la tatu, mimi la sita, kwa hiyo msomaji nikawa mimi. Kila jioni baada ya chakula nilikaa ngazini kwake, mtoto paja la kulia, kijitabu paja la kushoto.

"Soma pale pa kusimama," aliniambia siku ya kwanza. "Kwenda nitajua nikiwa njiani."

Nikasoma. Breki zote mbili kwa pamoja, ya nyuma ikitangulia kidogo. Kwenye kokoto usiibane ya mbele peke yake, utaanguka. Usifunge breki katikati ya kona. Punguza mwendo kabla hujaingia.

Alisikiliza vizuri. Lakini miaka arobaini ya punda haitoki kwa jioni moja. Punda ukitaka asimame unavuta hatamu kuja kwako. Asubuhi ya kwanza ya mazoezi, shangazi alipomwona kuku wa kasisi mbele yake, alivuta. Mkono wa kulia wa pikipiki ukiuvuta kuja kwako, injini inapata moto, inakwenda mbio. Akavuta zaidi. Alipita katikati ya banda la kuku akatokea upande wa pili na unyoya kwenye kilemba, na kwa muda wote huo alikuwa akiiamuru pikipiki kwa upole, kama alivyozoea kumsimamisha punda, "Oosha, oosha, kipenzi."

Kuku hakufa hata mmoja. Mke wa kasisi alisema walitaga vizuri zaidi baadaye.

Leseni aliipata mara ya tatu. Mara ya kwanza aliachia usukani ili amsalimie mtahini vizuri, kwa kuwa alikuwa mjukuu wa mtu anayemfahamu.

Kabla haijaanza kazi, pikipiki ililazimika kubarikiwa. Kwetu hata mashine ya kufulia hubarikiwa. Kasisi Lefteris alikuja na bakuli la maji ya baraka na shada la mrehani, na kwa kuwa alikuwa na kinyongo cha kuku, au labda kwa upendo, sijui, alilowesha ile mashine kuanzia taa mpaka ekzosi. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri ilikataa kuwaka. Niliamshwa na kiki: moja, mbili, kumi na tano. Nikatoka na mtoto ndani ya blanketi.

"Imekufa," alisema shangazi. Uso wake ulikuwa kama siku ile ya punda. "Haijaishi hata siku moja."

Nilikimbilia kijitabu. Ukurasa wa kumi na tisa: *ikiwa pikipiki imeloweshwa sana, vua kifuniko cha plagi, kausha.* Nikamshikia tochi. Alivuta kile kifuniko cha mpira, kikatoka na maji ya baraka ndani yake, kijiko kizima. Akakikausha kwa ncha ya kilemba, akarudisha, akapiga kiki mara mbili, ikaunguruma.

"Neema ikizidi nayo inazima moto," alisema, akapanda. Siku hiyo maziwa yalifika dakika nne kabla ya Sarandis.

Sasa lazima niwaseme wanaume wa njiapanda. Pale kuna mgahawa wa kahawa wenye viti kumi na viwili, na viti kumi na viwili vina wenyewe. Kiti cha pembeni ni cha Hristofas, baharia mstaafu, anayejua bei ya kila kitu katika bandari ambazo hajashuka. Ignatis alimwachia namba ya simu. Kazi yake ilikuwa kupiga siku maziwa yatakapokosa gari. Hristofas aliifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo mkewe hakuwahi kuiona nyumbani.

"Mirsini," alimwambia kila asubuhi, "leo umekuja na kibata au kibata kimekuja nawe?"

"Tumekuja wote. Wewe umekuja na nani, na kiti?"

"Kitakuacha njiani, bibie. Mashine inataka mwanamume."

"Nilikuwa na mwanamume. Alihitaji matengenezo zaidi."

Wale wengine waliwekeana dau la raundi za uzo, ile pombe yetu kali, zitakazonywewa baada ya mfungo. Wengi waliweka upande wa mchinjaji.

Lakini shangazi alikuwa na desturi yake. Kila alfajiri, kabla ya kiki, aliizunguka ile pikipiki kama anavyowazunguka mbuzi. Alibonyeza tairi zote mbili. Alibana breki moja moja. Aliwasha taa, akaweka kiganja mbele ya ile ya nyuma aone wekundu. Alisukuma mnyororo kwa vidole viwili toka chini. Ukicheza upana wa vidole viwili, vizuri. Ukizidi, anaukaza Jumapili kwa spana, upande huu nusu mzunguko, upande ule nusu, akihesabu alama za pande zote mbili zilingane ili gurudumu lisikae mshazari. Nilimwona akiutia mnyororo grisi kwa mswaki wa zamani wa marehemu. Kisha aliiwasha, akaiacha ingurume peke yake wakati akifunga mikebe. Kijitabu kilisema dakika moja au mbili, injini ipate joto. Yeye alisoma Baba Yetu mara mbili, ya pili kwa haraka.

Oili ndiyo ilikuwa taabu. Kijitabu kilisema pima oili pikipiki ikiwa imesimama wima, kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare. Ukiipima ikiwa imeinama, kijiti kitakudanganya. Sasa kijiji chetu kimejengwa kwenye mteremko kama nguo kwenye kamba. Ukiangusha kitunguu jikoni, kakichukue barabarani. Tambarare ni mahali pamoja tu: uwanja wa mawe mbele ya kanisa.

Kwa hiyo kila Jumapili, watu wakitoka ibadani na mkate mtakatifu mkononi, walimkuta shangazi Mirsini amepiga magoti mbele ya mlango wa kanisa. Wageni walidhani ni mcha Mungu. Alikuwa amefungua kifuniko, anafuta kijiti kwa kitambaa, anakichovya, anakiinua juu kwenye mwanga, anafunga jicho moja.

"Iko wapi?" aliniuliza kila mara, kwa sababu macho yake ya karibu ni mabovu.

"Kati ya alama mbili, shangazi."

"Utukufu kwa Mungu."

"Mirsini," kasisi alilalama, "umedondosha tone kwenye marumaru."

"Ninyi mnadondosha nta mwaka mzima, Baba, nani amesema?"

Wiki sita zilipita hivyo. Hristofas hakupiga simu hata mara moja, na alianza kukonda.

Ikafika Wiki Kuu. Ijumaa Kuu asubuhi, baada ya kushusha maziwa, shangazi alikwenda na kibata hadi uwanja wa kanisa kupima oili. Safari yake ya kesho ilikuwa ya mwisho ya mkataba, hakutaka kungoja Jumapili. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake na maua: ndiyo siku ya kulipamba jeneza la Kristo, lile la mbao linalobebwa usiku kuzunguka kijiji. Nilikuwapo, nikitunga maua kwenye waya, Zafiria akila majani ya limau. Kasisi Lefteris alimzuia kwenye ngazi.

"Leo hapana, Mirsini. Leo ni mazishi."

"Dakika moja tu, Baba. Nachovya, natazama, naondoka."

"Utachovya kesho. Kristo yuko msalabani na wewe unakuja na kijiti."

Aliondoka bila kubishana, jambo ambalo lingenishtua kama mikono yangu isingekuwa imejaa maua. Alikwenda kupima uani kwake. Uani kwake, pikipiki inasimama kwa stendi ya pembeni, imeegemea ukuta wa kisima, na mteremko ni wa kumtelezesha paka. Kijiti kikatoka kikavu. Bila mimi na bila miwani, alifanya alichojua: alikipitisha ulimini. Hakina ladha ya kitu.

Mchana niliporudi nilimkuta akifunga kifuniko. Pembeni yake palikuwa na kikombe cha kahawa na dumu lake la mafuta ya zeituni.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Oili ilikuwa imekwisha. Prokopis amefunga duka, yuko kwenye kundi la wabeba jeneza. Nimetia vikombe viwili."

"Vya mafuta ya kula?"

"Ya kula ni ya dukani. Haya ni yangu." Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Nimeyachuma mwenyewe, nimeyakamua siku ile ile. Asidi sifuri nukta tatu. Yale ya kopo yametoka kwenye matope ya chini ya ardhi, nani anajua yamelala na nani. Haya nimekupaka wewe kifuani ulipokohoa, nimempaka mtoto huyu kitovuni. Yatamdhuru kibata?"

Kijitabu hakikuwa na ukurasa wa zeituni. Nikasema kitu cha kipumbavu.

"Lakini leo ni Ijumaa Kuu. Mafuta hayaliwi."

Hilo hakuwa amelifikiria. Kwetu siku ile hata saladi huliwa kavu, kwa siki tu.

"Haijabatizwa," alisema mwisho.

"Ilimwagiwa maji na kasisi."

"Ilimwagiwa, haikuzamishwa. Ubatizo ni kuzama." Akaikazia kifuniko. "Na kama ni dhambi, ni yangu. Yenyewe haina hiari."

Jumamosi alfajiri niliisikia ikiwaka, ikapanda mlima. Sauti ilikuwa ya juu kuliko kawaida, kama mtu anayeimba nje ya uwezo wake. Sikulala tena. Saa moja nilimfunga mtoto mgongoni kwa shali nikashuka njiapanda. Wale kumi na wawili walikuwa wamekaa na kahawa chungu, siku ya arobaini na nane ya mfungo, wamekonda mashavu, wakali, wamechoshwa na maharage.

Barabara kutoka zizini inateremka karibu yote, ila mwisho kuna kupanda, hatua kama mia mbili, mpaka njiapanda. Tulisikia kwanza. Injini inapiga kelele kama ng'ombe aliyekanyagwa, lakini haikaribii. Halafu ikaja harufu. Hristofas ndiye aliyeinua pua kwanza.

"Nani anakaanga viazi?"

Viti vyote viligeuka. Jumamosi Kuu asubuhi, kijiji kizima kinanuka uvumba na njaa, na upepo unaleta viazi vya kukaanga katika mafuta safi ya zeituni. Mzee mmoja alijifuta mdomo. Mwingine alifanya ishara ya msalaba, sijui dhidi ya nini.

Ndipo akatokea chini ya ule mwinuko, ndani ya wingu la moshi wa samawati. Alikuwa amekaa juu, gia ya kwanza, mikebe imejaa nyuma, injini inanguruma kwa nguvu zake zote na pikipiki inatambaa kama kobe. Kisha ikaacha hata kutambaa. Klachi, ambayo kwa kibata imefichwa ndani ya oili ya injini, ilikuwa inateleza. Moto ulikuwapo, magurudumu hayakuupata. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini.

Hristofas akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani mbele yake, karibu na kahawa.

Shangazi alishuka. Nilidhani atakaa chini ya barabara alie. Nilimwona akiitazama ile mashine, akiitazama barabara, akipima kitu kichwani. Akarudisha mkono wa moto kidogo, sauti ikapungua. Akasimama kando yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kerea, akasukuma. Bila uzito wake juu, kile kidogo ambacho klachi ilikuwa bado inashika kilitosha kusaidia. Pikipiki ikavuta kidogo, yeye akasukuma zaidi. Wakasogea. Akiongeza moto inateleza, akipunguza inashika. Aliipata kati kwa kati, kama unavyompata mbuzi mkaidi anayekubali kutembea ila si kukokotwa.

Niliteremka hatua tatu. Akanipungia mkono nisije.

"Usishike kitu," alisema, pumzi imekatika. "Watasema nimesaidiwa."

Nikapanda naye kando, mikono nyuma chini ya matako ya mtoto, nisitie shaka. Kilemba kilikuwa kimemshuka shingoni. Alikuwa akiongea peke yake, au nayo: "Polepole, kipenzi. Si kosa lako. Nilikulisha vibaya."

Saa moja na dakika ishirini na nane akafika njiapanda, akaiweka kwenye stendi, akazima. Gari la Sarandis lilitokea kona ya juu. Sarandis alipakia mikebe miwili, akanusa.

"Mnakaanga, siku ya leo?"

"Pakia," alisema shangazi.

Gari lilipoondoka, mgahawa ukageuka mahakama.

"Maziwa yamefika," alisema mmoja.

"Yamefika, lakini mashine imemwacha," akasema mwingine, aliyeweka dau kwa mchinjaji.

"Imemwachaje? Si ile pale?"

"Mimi nampigia Ignatis," alisema Hristofas, "nimwambie nilichokiona."

Shangazi alinyoosha mkono, akaichukua ile simu mezani. "Mwenyewe nitampigia. Wewe utachelewa ukimeza mate ya viazi." Akabonyeza. "Ignatis? Mama. Maziwa yamefika. Lakini nimefanya upuuzi: nimeitia pikipiki mafuta ya zeituni na klachi inateleza, nimeisukuma mpaka njiapanda. Uamue mwenyewe kama nimeshindwa. Ukija leo pitia kwa Prokopis, mgongee mlango, chukua oili ya pikipiki lita mbili. Ya pikipiki, si ya gari, ya gari itateleza vile vile. Basi."

Akairudisha simu mezani. Hristofas aliitazama kama imenajisiwa.

Ignatis alifika saa tano, na suti ya Pasaka, na chupa mbili za oili, na karatasi yenye namba ya mchinjaji. Alitukuta uani. Turudi uwanja wa kanisa siku ile? Hapana, shangazi hakuthubutu tena; alikuwa ameweka kipande cha ubao na mawe mawili chini ya stendi ya katikati, akaweka bakuli la maji juu ya kiti cha pikipiki aone kama yamelala sawa. Yamelala. Mimi nilikuwa ngazini na kijitabu.

"Mama, tuongee."

"Shika beseni."

"Mama."

"Nilishaiwasha, oili ina joto, inatoka vizuri. Ikipoa itaganda tumboni. Shika beseni, Ignatis, halafu uongee."

Alipiga magoti na ile suti. Shangazi alilala ubavu juu ya gunia, akatafuta bolti ya chini kwa vidole, akaifungua kwa spana. Oili ikatoka, rangi ya chai yenye ukijani, nyingi mno. Ikajaa beseni. Haikuwa imepungua hata tone; ilikuwa imezidi kwa vikombe viwili. Ignatis aliona hilo mwenyewe.

"Haikuhitaji chochote," alisema.

"Haikuhitaji. Niliipima imeinama. Soma, mwanangu."

Nikasoma. *Rudisha bolti na ringi yake. Usikaze kwa hasira.*

Prokopis alikuwa amempa Ignatis maagizo mlangoni: mwaga, tia mpya, zungusha dakika kumi, mwaga tena, tia tena. Walifanya hivyo. Ignatis hakuwa amewahi kufungua bolti maishani, kazi yake ni mihuri. Alishika alichoambiwa kushika. Kati ya kumwaga kwa kwanza na kwa pili, injini ikinguruma, alikaa kwenye ngazi ya chini yangu, mikono imechafuka mpaka kiwiko, akamtazama mama yake akibana breki, akibonyeza tairi, akisukuma mnyororo kwa vidole viwili.

"Anafanya hivi kila siku?" aliniuliza.

"Kila alfajiri," nikasema. "Na Baba Yetu mara mbili."

Baadaye kidogo aliniuliza tena, kwa sauti ya chini. "Na leo alisukuma peke yake? Yote mia mbili?"

"Alinikataza kushika."

Shangazi alizima, akachovya kijiti, akanyoosha mkono kwangu nitazame. Kati ya alama mbili. Akaikanyaga gia ya kwanza, akaizungusha uani, ikashika. Akapanda nayo hadi mlango wa kanisa na kurudi. Ikashika yote. Alipozima, alibaki amekaa juu yake, miguu yote miwili chini, hamtazami mwanawe.

"Sasa ongea," alisema. "Uliniambia siku moja. Nimekusikia. Ukisema nimeshindwa, nitawapeleka mwenyewe, asiwaguse yule mpapasaji."

Ignatis alitoa simu, akampigia mchinjaji papo hapo, mbele yetu. Alimwambia atafute mbuzi kwingine, na Pasaka njema, na hapana, hata wawili hapana. Kisha akaifuta simu kwa suti, kwa kuwa suti ilikuwa imeshakwisha.

Kesho yake ilikuwa Pasaka. Kila ua ulikuwa na moto na nyama, lakini maziwa hayajui sikukuu. Alfajiri nilifungua dirisha nikawaona wote wawili juu ya kibata, Ignatis nyuma na kofia ngumu ya marehemu baba wa fundi Prokopis, mikebe mitupu imefungwa ubavuni, magoti yake yamechomoza huku na huku.

"Kona inakuja," alisikika akisema, "mama, kona."

"Naiona. Usijinyooshe kinyume. Nikiinama, inama nami. Ukikataa kuinama tutaanguka wote."

Akainama.